Ng'ombe wa Rugamba

"Toa viatu, nyabo," askari wa mlangoni alisema. "Sakafu wamepiga polishi. Leo wageni wanakuja."

Mukarukundo aliinama kuvua kandambili zake, na alipoinama Munezero akaamka mgongoni, akaanza kulia tena. Kilikuwa kilio cha mtoto aliyekwisha kuchoka kulia: kifupi, kikavu, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Tangu alfajiri alikuwa amenyweshwa maji ya moto yenye sukari, na sukari yenyewe ilikuwa ya kuomba. Mama yake alimtikisatikisa, akakanyaga saruji nyekundu inayong'aa. Nyayo zake ziliacha alama za vumbi. Askari alizitazama alama zile kama anayetazama mavi ya mbuzi.

"Na wewe mzee. Gumbuti toa."

Yonatani, shemeji yake, alivua gumbuti. Soksi hakuwa nazo. Waliketi kwenye benchi la ukumbini, peku wote wawili, miguu wameificha chini ya benchi wasije wakalaumiwa kwa kuwa na miguu.

Ofisi ile ilikuwa juu ya kilima cha Kamukuzi, mahali Mbarara inapopumua vizuri. Nje ya dirisha kijana alikuwa akimwagilia nyasi kwa mpira, maji yanatiririka hadi barabarani, huku kiangazi kimekausha hata madimbwi ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Ukutani zilitundikwa picha za ng'ombe wenye pembe ndefu, ndani ya fremu za dhahabu. Ng'ombe wa ukutani walikuwa wanene.

Gaju hakuwa mnene. Alikuwa mwekundu, mwembamba, ana kovu ubavuni, na ndiye aliyemlea Munezero. Mukarukundo aliugua homa ya matumbo mtoto akiwa bado mchanga, na alipopona maziwa yake hayakurudi. Tangu hapo asubuhi na jioni alikuwa anakamua Gaju, mtoto anakunywa, kinachobaki anakipeleka kwenye maduka ya Misiera, humo kambini, anarudi na chumvi na sabuni. Mume hakuwapo. Alikwenda Juba kutafuta kazi, na Juba ikanyamaza naye.

Gaju walimpata hivi. Rugamba, baba mkwe wake, alishuka kutoka milima ya Kivu ya Kusini akiwa na fimbo na Biblia, baada ya watu wenye bunduki kuswaga kundi lake lote mbele ya macho yake. Alipofika Nakivale akawa mchungaji wa ng'ombe wa tajiri mmoja Mganda, miaka na miaka, mvua yake na jua lake, kwa ahadi ya mtamba mmoja. Alipompata yule mtamba, ana mimba ya kuzaa karibu, hakumfunga kwake. Munezero alikuwa ndiyo kwanza amezaliwa. Mzee aliita majirani, akawaketisha uani, akasimama kwa shida, akamkabidhi mkaza mwana wake kamba ya ng'ombe mbele ya watu. Watu wakaimba zaburi. Mwaka haukuisha, kifua kikamwondoa.

Sasa Gaju alikuwa amefungwa kwenye zizi la mifugo iliyokamatwa, langoni mwa hifadhi ya wanyamapori. Kosa lake lilikuwa kunywa maji.

Zamani, upande ule wa hifadhi, wafugaji walikuwa na visima na maboma yao. Kisha wakaondolewa, nyumba zao zikatiwa moto, ili wanyamapori wapate amani. Wafugaji wakaenda kufa mahali pengine, majani yakaota. Halafu mtu mmoja mwenye suti akagundua kwamba mtalii akishaona punda milia asubuhi, ikifika mchana ameshachoka nao, anataka kuona historia. Basi historia ikatafutwa. Ukaundwa Mradi wa Urithi wa Wafugaji. Walifukua kisima cha kale, wakajenga boma la miiba, wakaezeka nyumba ya msonge ambayo hapana mtu atakayelala ndani yake. Kisima kilipofukuliwa kikaonekana hakina maji. Likaja lori, likakijaza maji kwa bomba, kwa ajili ya picha. Wakakisimikia na kibao: *Usiguse.*

Gaju alinusa maji kutoka mbali. Hakusoma kibao.

"Mwingie!" sauti iliita.

Ndani ya chumba kulikuwa na watu watatu nyuma ya meza, na chai ya maziwa mbele yao. Aliyekaa katikati aliitwa Katungi. Yeye ndiye mkuu wa Mradi wa Urithi, na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya mifugo iliyokamatwa. Mshtaki na hakimu walikuwa wamekaa ndani ya suti moja, na suti iliwatosha vizuri. Kulia kwake alikuwapo mama mmoja mnene, anaondoa utando wa maziwa kwenye chai yake kwa kijiko, anaupaka kwenye kisahani. Kushoto alikuwapo mzee anayesinzia. Mkalimani alisimama pembeni: Dieudonné, kijana wa Bukavu, mkimbizi kama wao, ila yeye alikuwa na tai.

"Huyu mama anajua Kiswahili?" Katungi aliuliza.

"Anajua, sir. Kile cha Kongo."

"Hicho nacho ni Kiswahili?" Mama mnene akacheka. Mzee akaamka, akacheka na yeye, akalala tena. "Haya, tutajaribu. Mama, sikiliza. Ile ngombe nyekundu tulikamata kwa park. Sindiyo? Iko ya nani?"

Mukarukundo alifurahi. Njia nzima alikuwa anaogopa maswali ya kitabu, ya vipimo na mipaka, na sasa wameanza na swali ambalo hata mtoto analijibu. Kwao mtu aliyepewa ng'ombe hasemi "wangu". Hasemi hivyo mahali popote penye watu, na zaidi ya yote hasemi mbele ya damu ya aliyetoa. Unamtaja aliyekupa. Jina lake ndilo linalomfuata ng'ombe, ndama kwa ndama, hata akishakufa. Mtu anayesema "wangu" ni kama amechukua jembe na kumfukia aliyemfadhili mara ya pili. Na hapo ubavuni mwake alikuwa amekaa Yonatani, mtoto wa kuzaa wa Rugamba. Mukarukundo alijifunza adabu hii umri ule ule alipojifunza kutoiruka miguu ya mkubwa aliyekaa. Basi akajibu kwa sauti safi, uso umeinama kidogo, kama alivyolelewa:

"Ni ya Rugamba."

"Rugamba iko wapi?"

"Alishakufaka, bwana mukubwa."

Katungi aliweka kikombe chini. Alimtazama mama mnene, mama mnene akamtazama yeye.

"Mwenye ngombe amekufa," Katungi alisema taratibu, kama mtu anayeonja kitu kitamu. "Na huyu mzee ni nani?"

"Ni mutoto yake."

"Ah! Wewe mzee, simama. Ngombe ni yako?"

Yonatani alisimama, kofia mkononi. Alikohoa. Hata yeye hakuwa na jibu lingine. "Hapana, chef. Kile kitu baba alitoa, mimi siwezi kukisemea. Nikikisemea, ni kama namunyang'anya mu kaburi."

"Kwa hiyo si yako."

"Si yangu."

"Jameni!" Katungi aligeukia wenzake, mikono hewani. "Mumeona maajabu? Ngombe imeingia park na miguu yake nne, imekunywa maji ya mradi, imekanyaga urithi wa taifa, na mwenyewe hayuko! Huyu anasema ya marehemu, huyu anasema si yangu. Labda ngombe ni ya Yesu."

Mama mnene alicheka hadi chai ikamwagika kisahanini.

Dieudonné alisogea, akainama kana kwamba anamfunika mtoto vizuri. "Mama," alinong'ona, "sema ni yako. Utapoteza ngombe. Sema tu, ni neno moja."

"Na muzee anasikia?"

"Muzee atakunyonyeshea mutoto?"

Munezero alikuwa amelala, mdomo wazi, ulimi mkavu. Mukarukundo alimtazama mtoto, akamtazama Yonatani, na Yonatani akajua kinachokuja kabla hakijafika, akaanza kuchunguza ukingo wa kofia yake.

"Ngombe ni yangu," Mukarukundo alisema.

Lilikuwa neno dogo, lakini lilimtoka kama mtu anayevuliwa nguo hadharani. Masikio yalimwaka moto. Yonatani aliteremsha kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia babake akitukanwa na hawezi kusimama.

"Haa!" Katungi alipiga meza. "Sasa ni yako! Saa ile ilikuwa ya maiti, sasa ni yako. Chai yangu haijapoa, ngombe imeshabadilisha mwenyewe! Mama, uongo ni upi? Wa kwanza ama wa pili?"

"Haiko uongo, bwana mukubwa. Kwetu habasemaka 'yangu'. Banataja mwenye alitoa. Ni heshima. Rugamba alinipatia mbele ya batu, batu bote ba village balikuwa pale, balikula, baliimba..."

"Kwenu! Kwenu ni wapi? Hapa ni ofisi, mama. Hizo mila mulete kwa sherehe, tutapiga makofi. Hapa tunatafuta mwenye mali."

"Bakimbizi hawa wana midomo mbili," mama mnene alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa Mkristo, akachukua biskuti moja kwenye sahani, akaunyoosha mkono. "Mupe mtoto, bambi, masikini."

Mtoto hakuwa na meno ya biskuti. Mukarukundo aliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo kitu kinavyopokelewa, akashukuru.

Hukumu haikuwa ndefu. Mnyama asiye na mwenyewe ni wa serikali. Serikali haina mahali pa kumweka. Mradi wa Urithi unalo boma, na boma la wafugaji lisilo na ng'ombe, Katungi alieleza, ni aibu mbele ya wafadhili. Yule mzee wa kusinzia aliamka, akakubali.

Walishuka Kamukuzi, wakapita mjini kwenye zogo la pikipiki. Usiku huo walikuwa wanalala Nyamitanga, kwa muumini mwenzao mwenye baraza, kwa hiyo iliwabidi wavuke mto Rwizi kwa miguu. Katikati ya daraja Yonatani alisimama. Mto ulikuwa mdogo, umekunjamana, una rangi ya chai.

"Ulisema yangu," alisema.

"Nilisema, shemeji."

"Na haikusaidia."

"Haikusaidia."

Alitema mate mtoni. "Kama ingesaidia, ningenyamaza. Ningesema mukaza mwana wa baba alipatwa na njaa, aliteleza. Lakini kutukana muzee na ngombe ikaenda vilevile..." Alimpokea mtoto, akamfunika ndani ya koti lake, wakaendelea.

Nyumbani Nakivale majirani walisaidia siku za mwanzo, kila mmoja kwa alichokuwa nacho. Uji wa mahindi. Uji wa mtama. Mwanamke mmoja aliyekuwa ananyonyesha alimkubali Munezero mara moja kwa siku, mpaka mumewe alipomuuliza kama maziwa yale ni ya mtaa mzima. Tumbo la mtoto lilijaa na mikono yake ikazidi kuwa myembamba. Mukarukundo alikuwa anaamka alfajiri, anachukua jagi, anatoka hadi kwenye kigingi, ndipo anakumbuka.

Kisha ikaja pikipiki ya hifadhi. Askari hakushuka.

"Bosi anakuita kesho kutwa. Ufunguzi. Ile ngombe yako inatupiga mateke. Imevunja mtu vidole. Maziwa haitoi kabisa, inakaza. Na kwa programu wameandika wageni wataona kukamua."

"Umesema ngombe ya nani?" Mukarukundo aliuliza.

"Yako, nyabo! Usianze maneno, mimi nimetumwa tu. Utakuja?"

"Maziwa, nitapata ya mutoto?"

"Utaongea na bosi."

Usiku ule alifua nguo moja nzuri aliyokuwa nayo. Alijiambia: wakiona jinsi Gaju anavyomtii, wataelewa wenyewe. Mtu ni mtu. Hata yule mama alitoa biskuti. Labda watasema, mama, uwe unakuja kila siku, unamkamua, unaondoka na jagi lako. Labda wataona tu mtoto. Alimsugua Munezero hadi akang'aa, akamfunga kitambaa cheupe kichwani, akaona anapendeza, akacheka naye kwa mara ya kwanza tangu Kamukuzi.

Siku ya ufunguzi, kwenye boma la urithi, ile nguo nzuri walimvua. Msichana wa mradi alimpa shuka la kahawia na shanga. "Hiyo yako ni ya kisasa," alisema. "Wageni wametoka mbali." Jagi lake la plastiki pia lilikataliwa, akapewa chombo cha mti chenye kifuniko cha ukili. Mtoto aliruhusiwa, mradi aachwe bila kile kitambaa cheupe.

Gaju alikuwa amesimama katikati ya boma, ameogeshwa, pembe zimepakwa mafuta, mbavu zinahesabika. Alipoisikia sauti ya Mukarukundo ikimwita, aligeuza masikio kabla ya kichwa. Kisha akaja. Alikuja moja kwa moja kupitia watu wenye kamera, akaweka pua kwenye shingo yake, akapumua. Wageni wakatoa sauti kama wanavyofanya kwa vitoto vya mbwa. Mukarukundo alimkuna chini ya shingo, akamnong'oneza mambo ambayo si ya programu, akachuchumaa. Gaju hakuinua mguu. Maziwa yakaja.

Nyuma ya mgongo wake Katungi alikuwa anahutubia, mkono mmoja kwenye bango kubwa lenye michoro. Leo Dieudonné hakuwa mkalimani wa kamati. Mradi ulikuwa umemwajiri awe kiongozi wa wageni, tai ileile, na wageni walikuwa wa lugha nyingi, wengine Waganda, wengine wa Kigoma na Nairobi, kwa hiyo kila sentensi ya Kiingereza ya Katungi aliirudia kwa Kiswahili.

"Wafugaji wa kale," Dieudonné alirudia, "walikuwa na adabu ya ajabu. Hapana mtu aliyesema 'ng'ombe wangu'. Ukimwuliza ng'ombe huyu ni wa nani, anakutajia jina la aliyempa, hata kama..." Alisita. Katungi alimtazama. "Hata kama aliyempa amekwisha kufa. Huo ndio ubinadamu tulioupoteza. Mradi huu umeanzishwa ili mila hii isife."

Wageni walipiga makofi. Bibi mmoja mwenye kofia pana alifuta macho kwa kitambaa.

Mikono ya Mukarukundo ilisimama. Alingoja Dieudonné amtazame. Dieudonné alikuwa anatazama bango, karibu sana, kama mtu asiyeona vizuri. Basi akaendelea kukamua, maana Gaju alikuwa ameanza kuhangaika, na mtoto mgongoni alishasikia sauti ya maziwa yakipiga ndani ya chombo, alishaanza kupanda bega lake kwa magoti, anatoa sauti zile ndogo.

Chombo kilipojaa, povu juu, alisimama. Katungi alikuja kukipokea, anatabasamu kwa upande uliokuwa na kamera.

"Bwana mukubwa," Mukarukundo alisema kwa sauti ya chini, "niachie kikombe kimoja ya mutoto. Kimoja tu."

"Baadaye, mama. Tuko kwa programu."

Alichukua chombo, akatembea nacho hadi kwenye kisima, wageni wakimfuata nusu duara. Kisima kilikuwa kimejazwa upya asubuhi ile, lori bado limefichwa nyuma ya kichaka. Katungi aliinua chombo juu ya kichwa. Akatangaza kwamba hivi ndivyo wafugaji wa kale walivyokuwa wanaitolea mizimu ya maji maziwa ya kwanza.

Mukarukundo alimgeukia Dieudonné. "Nani alisema hivi? Maziwa kumwanga? Hata shetani hamwangaka maziwa!"

"Nyamaza, mama," Dieudonné alisema bila kufungua meno. "Baliisoma fasi fulani, mu kitabu."

Katungi akamwaga. Maziwa yalishuka kwa kamba nene nyeupe, yakatandaza wingu kwenye maji, wingu likapanuka, likakatika, likawa maji machafu. Munezero alifuata kwa macho kuanzia juu hadi chini. Alinyoosha mkono, vidole vimefunguka.

"Samahani," mpiga picha alisema. Alikuwa ameinama juu ya kamera yake, anakunja uso. "Jua lilikuwa nyuma. Tunaweza kurudia?"

"Tunaweza," Katungi alisema. Akampa Mukarukundo chombo kitupu. "Mama, haraka kidogo, kabla mwanga haujakwisha."

Gaju alikuwa amewafuata mpaka kwenye kamba iliyozungushiwa kisima, akasimama hapo, shingo imenyooka kuelekea maji. Mukarukundo alirudi, akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye kiwele kuona kimebakiza nini. Kilikuwa kimebakiza kidogo. Alikamua kile kidogo chote, mpaka tone la mwisho, na alipoinuka alikuwa amekumbatia chombo kifuani kwa mikono yote miwili, mtoto ametambaa kutoka mgongoni hadi ubavuni mwake, uso wake mzima umeingia mdomoni mwa chombo.

Wageni wote walikuwa wamejipanga, wanangoja. Mpiga picha aliinua mkono.

"Mama," alisema kwa upole, "msogeze mtoto. Anaziba kisima."